Uzinduzi wa Unga wa Jua

Kilichoonekana kwanza kilikuwa kipande cha sabuni. Sekela alikuwa akimwogesha mwanawe Ambilike katika beseni, sabuni ikamponyoka, ikapita katikati ya magoti ya mtoto na kuzama bila kugusa goti la kulia wala la kushoto. Sekela akaiokota, akaitazama kana kwamba sabuni ndiyo yenye kosa. Siku si nyingi zilizopita magoti yale yalikuwa yanasuguana. Akamsimamisha mtoto, akamkutanisha vifundo vya miguu, na pale kati ya goti na goti akaona ukuta wa nyumba.

"Mama," alimwita mama mkwe wake, Bibi Subilaga, kwa sauti yake ndogo ambayo majirani walisema ni ya kuazimia chumvi. "Njoo umtazame mtoto."

Bibi Subilaga akaja, akatazama, akajifunga khanga upya kiunoni.

"Kwetu hakuna matege," akasema. "Sisi ni watu wa kunyooka. Labda kwenu."

"Kwetu pia hakuna, mama."

"Basi ameyaokota njiani." Akarudi jikoni.

Sekela akamkausha mtoto. Kunyamaza alikuwa amekuzoea. Shule aliiacha darasa la tano, na hakuiacha kwa ujinga wala kwa utoro. Darasa la sita lilikuwa limejengwa, lina bati jipya na ubao mweusi ambao haujawahi kuguswa na chaki, ila lilikuwa halijazinduliwa; na katika nchi ile kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo. Basi watoto waliomaliza la tano walilichungulia la sita dirishani, kisha wavulana wakaenda kuchunga na wasichana wakaenda kuolewa.

Jina la nchi hiyo halitatajwa hapa. Wenyewe hawapendi itajwe isipokuwa kwa kusifiwa, na sifa zake zote zimekwisha kutajwa na redio ya Serikali. Itoshe kusema ni nchi ya milimani, na kwamba kipupwe chake si kama cha nchi nyingine, kinachopiga hodi, kikanywa chai, kikaaga. Kipupwe cha huko huja na ukungu, na ukungu ukija huketi. Huketi juu ya mapaa, juu ya ng'ombe, juu ya vichwa vya watu, na sehemu kubwa ya mwaka hakuna mtu anayejua kivuli chake kinafananaje.

Kesho yake Sekela akambeba Ambilike mgongoni hadi zahanati. Nesi Yusta akamgeuza mtoto huku na huku, akambonyeza mbavu, akatikisa kichwa.

"Ni mifupa hii, Mama Ambilike. Mfupa bila vitamini D ni kama tofali lisilochomwa, unalibebesha mzigo linapinda. Mtu akiota jua mwili unaitengeneza wenyewe. Jua lisipokuwapo, lazima iingie kwa chakula. Nchi za wenzetu wanaitia kwenye unga, kwenye mafuta ya kupikia, kwenye maziwa, watoto wanakula hata habari hawana."

"Na sisi, dada?"

"Na sisi tunayo." Nesi akanyoosha kidole dirishani. Ng'ambo ya uwanja kulikuwa na stoo ya Serikali, mlango wa bluu umefungwa utepe mwekundu, na kupitia nondo za dirisha yalionekana magunia yaliyopangwa mpaka darini, kila moja limechorwa jua linalocheka. "Unga wa Jua ule. Uliletwa kabla ukungu haujashuka. Mtoto wa umri huu akinywa uji wake kila siku, mifupa inashika, na miguu inarudi."

"Nipe basi, dada."

"Haujazinduliwa, mdogo wangu," akasema Nesi Yusta, akafunga pazia.

*

Mgeni anaweza kudhani kwamba uzinduzi ni sherehe. Huo ni ushamba. Katika nchi ile uzinduzi ndio kuzaliwa kwa kitu. Kabla mgeni rasmi hajakata utepe, daraja ni mbao tu zilizolala juu ya mto, na watu wenye adabu huvuka chini yake, maji yakiwafika kifuani. Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa mbele ya zahanati tangu Sekela akiwa msichana mdogo, limevishwa utepe kama bibi harusi asiyetolewa. Wagonjwa walipitishwa kando yake kwa machela, na walioweza kuinua kichwa walilisifu rangi. Mume wa Sekela mwenyewe alikuwa mwajiriwa wa Serikali, kazi yake kuilinda barabara mpya ya lami isikanyagwe na mtu. Kwa kuwa barabara hiyo ndiyo pekee ya kumrudisha nyumbani, na kwa kuwa alikuwa mlinzi mwaminifu, alikuwa harudi nyumbani.

Na mwenye mamlaka ya kuzindua alikuwa mmoja: Mheshimiwa Waziri wa Jua na Mwanga. Waziri angeweza kuja kwa gari, lakini barabara ilikuwa haijazinduliwa. Ilibidi aje kwa helikopta, na helikopta haitui katika ukungu. Kwa hiyo unga uliotengenezwa kwa ajili ya watu wasio na jua ungefunguliwa siku jua litakapotoka. Wataalamu waliupitisha mpango huu kwa kauli moja, baada ya chakula cha mchana.

Ili wananchi wasivunjike moyo, Waziri alizungumza nao redioni.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa," alisema, na sauti yake ilikuwa nene, ya mtu aliyekula. "Kwa muda mrefu maadui wa nchi yetu wamekuwa wakitucheka kwamba hatuna jua. Leo nawatangazia: jua tunalo! Tumelikamata, tumelisaga, tumelitia guniani! Katika nchi nyingine jua linazurura ovyo angani, linamwangazia kila mtu, hata mzembe, hata mpinzani. La kwetu liko chini ya kufuli. Sasa nawaomba muwe watulivu. Asitokee mtu mwenye uchu akala kabla ya wakati. Kula kabla ya wakati ni kujizindulia, na kujizindulia ni uasi."

Vijiji vyote vikashangilia. Bibi Subilaga alipiga vigelegele mpaka maharage yakaungua jikoni, na jioni ile familia ikala maharage yaliyoungua kwa uzalendo.

*

Sekela hakushangilia. Si kwamba alikuwa mpinzani. Alikuwa ameshughulika kumnyoosha mtoto miguu kwa mafuta ya nyonyo, na miguu ilikuwa haimsikii. Siku mtoto alipoanguka akienda kumfukuza kuku, akakaa palepale alipoanguka bila hata kujaribu kuinuka, Sekela alijifunga khanga mbili, akambeba, akaenda kwa Afisa Uzinduzi Mwandamizi wa Wilaya.

Afisa huyo, Bwana Mbonea, alikuwa na ofisi iliyozinduliwa. Ukutani, ndani ya kabati la kioo, ilining'inia mikasi yake: wa utepe mwembamba, wa utepe mpana, na mmoja mkubwa sana uliokuwa haujatumika kwa sababu wenyewe haujazinduliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Paza sauti, hapa ni ofisini."

"Naomba unga. Bakuli moja. Ni wa mtoto."

"Unga gani?"

"Unga wa Jua. Ule wa stoo."

"Stoo kuna unga?" Bwana Mbonea alimtazama kwa huruma. "Nani kakudanganya?"

"Nimeuona dirishani, mzee."

"Umeona magunia."

"Na ndani ya magunia..."

"Uliingia ndani ya gunia?"

"Hapana, mzee."

"Basi usisemee mambo ya ndani." Akaegemea kiti. "Sikiliza, binti. Unga utakuwepo siku ya kuzinduliwa. Leo haupo. Sasa nikikuchotea bakuli la kitu ambacho hakipo, wewe utakwenda kupika nini? Si utaniita tapeli?"

Sekela alifungua khanga, akamshusha Ambilike, akamsimamisha sakafuni ili miguu ijisemee. Mtoto akashika mguu wa meza ya Serikali, akasimama akitetemeka, magoti yakitazamana na kuta mbili tofauti.

Bwana Mbonea aliinama akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Uso ukamchanua.

"Lo! Haya ndiyo matege! Haya yanaonekana hata na mtu aliyekaa safu ya nyuma." Akazunguka meza, akamwinamia mtoto upande wa pili. "Kamati ya uzinduzi imetafuta mnufaika mpaka imechoka. Wengine wanatuletea watoto wenye miguu ya wasiwasi, huelewi kama imepinda ama imechoka. Binti, Mungu amekupendelea."

"Mnufaika ndiyo nini, mzee?"

"Ndiye wewe. Siku ya uzinduzi utapanda jukwaani na mtoto, utasema: 'Mwanangu alikuwa na matege. Nikampa Unga wa Jua. Sasa amenyooka. Tunashukuru, Mheshimiwa.' Unashuka. Umemaliza."

"Lakini hajala, mzee."

"Siku hiyo atakuwa amekula."

"Atakuwa amekula saa ngapi, ikiwa unafunguliwa siku hiyohiyo?"

Bwana Mbonea akamsogelea, sauti ikawa ya ndugu na ndugu. "Unajua kwa nini nimekuchagua? Nimeona husemi sana. Mnufaika msemaji ni kama cheche ndani ya stoo. Sasa usianze. Mnufaika ndiye anayekabidhiwa gunia la kwanza. Gunia zima, mkononi, mbele ya mgeni rasmi na wapiga picha. Nani atakuja kukunyang'anya? Lakini ukinisumbua, wapo wenye watoto wao wamepinda vizuri tu."

Gunia zima. Sekela alilipima kwa macho ya moyo: uji wa asubuhi, uji wa jioni, mpaka miguu irudi. Akainamisha kichwa. Katika nchi ile kuinamisha kichwa ni kutia sahihi.

*

Mazoezi yakaanza, na yakachukua kipupwe chote. Kwaya ilijifunza wimbo wa kulikaribisha jua. Wanafunzi walikariri ngonjera yenye beti nyingi kuliko wanafunzi wenyewe. Kiti kitupu kiliwekwa jukwaani kushika nafasi ya Waziri, na wazee wa kata walikisalimia kwa zamu, wakikiuliza habari za safari. Kikundi cha akina mama kilifundishwa kupiga makofi kila litakapotajwa neno "mwanangu," maana hapo ndipo wapiga picha wangekuwa tayari.

Sekela alifika kila mazoezi, akasema maneno yake kwa kiti kitupu. "Mwanangu alikuwa na matege..." Makofi. Bwana Mbonea humkatiza: "Lia kidogo hapo. Si sana, ukizidi inaonekana kama una shida."

Kisimani wenzake walimpa jina.

"Mama Mnufaika kaja, mpisheni!" alisema Nsia, jirani yake, mwanamke mwenye mdomo uliokaa tayari wakati wote. "Mama Mnufaika, mwanao ananyooka lini? Tunataka kujua kama tumchinje ng'ombe siku hiyo ama tumkalishe mtoto juu yake, maana miguu ile tayari inamtosha."

"Mwache," mwenzake akasema, "ataponea jukwaani. Wenzetu miguu yao ina ratiba."

Wakacheka mpaka maji yakamwagika. Sekela akajitwisha ndoo. Nsia naye alikuwa na binti aliyeanza kupinda, ila bado alikuwa katika ile hatua ya kusema kwao hakuna matege.

Wakati huo unga haukuachwa hivihivi. Serikali inayojali haiwezi kuacha chakula cha wananchi bila kukikagua. Iliundwa Kamati ya Kuonja, mwenyekiti wake Bwana Mbonea, na wajumbe walikuwa wakuu wote wa idara pamoja na wake zao, kwa kuwa ladha ni jambo la kifamilia. Kila jioni waliingia stoo kwa mlango wa nyuma, ambao haukuwa na utepe, wakatoka na unga wa kuonja. Walionja kwa ugali, wakaonja kwa uji, wakaonja kwa maandazi. Kamati ilitoa taarifa kwamba hali ya unga ni nzuri ila bado haijaridhika. Watoto wa Kamati walikimbia ndani ya ukungu usiku na mchana, miguu imenyooka kama mianzi, wakapiga mpira hadi wakavunja dirisha la darasa la sita.

Mbuzi wa Nsia akaharibu mambo. Mbuzi hasikilizi redio. Alikuta kona ya gunia imechungulia nje ya mlango wa nyuma, akalitafuna, akala alivyoweza, akapanda mlimani akirukaruka majabali. Akakamatwa. Mashtaka yakasomwa hadharani: kujizindulia, kujifanya mgeni rasmi, na kutumbua macho mbele ya Kamati. Mbuzi alipoulizwa kama anakiri alisema neno moja, likachukuliwa kuwa ndiyo. Akahukumiwa kuchomwa, na Kamati, kwa uchungu mkubwa, ikamla.

Nsia alilia juani, kama kungekuwa na jua. "Mbuzi wangu alikuwa na kosa gani?" alimuuliza Sekela njiani. "Mnyama ameona chakula."

Sekela akafungua mdomo. Akalikumbuka gunia lake, akaufunga.

Nyumbani Ambilike aliacha kusimama. Kwanza aliacha kwenda kwa kuku, kisha akaacha kuinuka kwa kushika mtungi, kisha akawa anakaa tu penye jamvi, akinyoosha mikono kwa kila apitaye ili abebwe. Usingizini alitoka jasho la kichwa mpaka mto ukalowa. Akiguswa miguu alilia. Sekela alimkanda, akamwambia, "Bado kidogo, baba. Gunia letu linakuja." Bibi Subilaga alikuwa haongei tena habari za kwao na kwenu. Siku moja alimchukua mtoto, akampakata, akaitazama miguu ile kwa muda mrefu, akamwambia mkwewe bila kuinua macho, "Mwanangu, huko unakokwenda kufanya mazoezi, waambie waharakishe."

*

Jua likatoka siku ya Alhamisi, bila taarifa.

Ukungu ulipasuka asubuhi, ukajikunja juu ya milima, na mwanga ukamwagika mpaka kwenye mashimo ya panya. Watu walitoka nje wakafunga macho. Wakavua masweta. Akina mama wakawatoa watoto wachanga, wakawalaza kifudifudi juu ya majani kama wanaanika mtama. Sekela alimtoa Ambilike mlangoni, na mtoto akanyoosha vidole kuushika mwanga.

Gari la matangazo likapita. "Wananchi wote uwanjani! Mheshimiwa anatua! Wananchi wote chini ya maturubai!"

Maturubai yalikuwa wazo la Bwana Mbonea mwenyewe. Alipoona jua linawaka bure juu ya uwanja, alitambua hatari: Waziri hawezi kuja kuzindua jua wakati jua jingine, lisilo na kibali, linagawa kila kitu bila utaratibu. Akaamuru uwanja wote ufunikwe. Mgambo wenye fimbo wakapita wakiwaingiza watu kivulini, wakiwakusanya watoto waliolala majanini, na waliokataa wakaandikwa kama waota jua.

Sekela alifika na Ambilike mgongoni, Bibi Subilaga akimfuata na kapu la kubebea unga. Bwana Mbonea alimpokea nyuma ya jukwaa, suti imempasuka kwapani kwa sababu ya kuonja. Akamfunua mtoto khanga. Akarudi nyuma hatua moja.

"Nini hiki?"

"Ni Ambilike, mzee."

"Binti, umefanya nini? Tulikubaliana matege ya kiasi! Huyu nikimpandisha, nani ataamini amenyooka? Hata kusimama hasimami! Umeniharibia mtoto."

"Hajala, mzee. Nilisema hajala."

"Sasa unaanza maneno." Akaashiria kwa kidole, na mkewe akaleta mtoto wao, Elibariki, rika moja na Ambilike, mashavu yamejaa, miguu miwili imesimama kama nguzo za posta. "Mbebe huyu. Maneno ni yaleyale. Wa kwako aingie stoo mpaka tumalize."

Bibi Subilaga aliweka kapu chini. "Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako," alinong'ona.

"Bibi," akasema Bwana Mbonea, "hiyo methali haijazinduliwa."

Sekela alimpeleka mwanawe stoo kwa mkono wake mwenyewe. Magunia yalikuwa bado yamepangwa mpaka darini, na majua yote yalikuwa yanacheka. Alimweka Ambilike sakafuni, akamwegemeza gunia la chini ili asianguke, na gunia likabonyea kama mto wa kulalia. Mtoto akaingiza kidole katika tundu la gunia, akatoa kitu, akakipeleka mdomoni. Sekela akamzuia mkono. Yalikuwa maranda ya seremala.

Akabonyeza gunia la pili. Akabonyeza la tatu. Mgambo aliyekuwa mlangoni akajikuna shingo.

"Unga uko wapi, kaka?"

"Umeonjwa, dada."

"Wote?"

"Kamati ile haina mzaha," akasema mgambo, na yeye pia alikuwa hana mzaha. "Hilo la kupigia picha utalibeba ukiwa jukwaani, ukishuka unalirudisha hapa. Usije ukalitupa, lina kazi wilaya nyingine."

Nje, kwaya ilikuwa imeanza. Ambilike alinyoosha mikono abebwe. Sekela akatoka kinyumenyume, mgambo akafunga mlango wa bluu, akaufunga utepe tena.

*

Waziri alizungumza kwa muda ambao mtu angeweza kupanda maharage na kuyapalilia. Alizungumza juu ya mababu waliotembea gizani. Alizungumza juu ya wivu wa majirani. Alisema kwamba katika utawala wake hakuna mfupa utakaopinda bila idhini. Akaletewa bakuli la uji, uliopikwa kwa unga ambao mke wa Bwana Mbonea aliupata kwa kukung'uta kopo lake jikoni. Akanywa kijiko, akafumba macho, akatangaza kwamba anasikia mchana ukimshuka tumboni. Mkasi ukaletwa juu ya mto wa hariri. Utepe uliofungwa mbele ya jukwaa ukakatika. Watu waliokuwa kizani chini ya maturubai wakaimba kwamba sasa wameliona jua.

"Na sasa," akasema mshereheshaji, "mnufaika wetu!"

Sekela akapanda. Elibariki alikuwa mzito, akimpiga mateke ya furaha ubavuni kwa miguu yake mizuri. Gunia lenye jua linalocheka liliwekwa mbele yake. Waziri akampapasa mtoto goti, akageukia wapiga picha, akatabasamu, kisha akainamia kipaza sauti.

"Haya, mama. Tuambie kwa kinywa chako. Mtoto anaendeleaje?"

Bwana Mbonea, chini ya jukwaa, aliyatamka maneno kwa midomo bila sauti ili kumsaidia. *Mwanangu alikuwa na matege.* Nsia alikuwa safu ya mbele, binti yake mapajani. Bibi Subilaga alikuwa amesimama peke yake mbele ya mlango wa stoo, kapu tupu mkononi.

"Huyu si mwanangu," Sekela akasema.

Makofi yakalipuka, maana neno lilikuwa limetajwa. Kamera zikamulika. Waziri naye akapiga makofi. Sekela alisimama akangoja. Siku zote kelele ikija yeye ndiye anayeondoka; safari hii aliingoja mpaka kofi la mwisho likaisha, na uwanja ukanyamaza ukitegemea shukrani. Akamweka Elibariki chini, na mtoto akasimama vizuri kabisa. Kisha, kwa sauti ambayo watu wake walikuwa hawajui kama anayo, akasema lile alilokuwa hajamwambia nesi, wala mama mkwe, wala Mungu katika sala zake.

"Mwanangu yuko stoo. Kipupwe chote alikuwa nje ya mlango ule, na unga ukiwa ndani. Leo yeye yuko ndani, na unga hakuna. Alipinda mbele yenu. Mlimwona akipinda, na mlikuwa mnakula."